Hati za Mirathi Zinapovuka Mpaka



Mume akifariki, machozi huja kwanza na karatasi baadaye. Karatasi zikikosewa, wanaoumia ni watoto.

Hapa Kasansa, na zaidi kwa ndugu zetu wa Katumba na Mishamo, zipo familia zenye watu ng'ambo ya mpaka. Waliokimbia Burundi mwaka 1972 na watoto wao, zaidi ya 160,000, walipewa uraia wa Tanzania mwaka 2014. Mama akifiwa, huenda shamba la marehemu liko kule. Hakimu wa kule hajui mhuri wa mahakama yetu ya mwanzo. Ndiyo maana hati hupita mikono kadhaa, kila mkono ukimthibitisha aliyetangulia.

Kwanza, cheti cha kifo. Sisi wauguzi hutoa tangazo la kifo tu, nalo si cheti. Cheti ni cha RITA, kupitia ofisi ya wilaya.

Pili, uamuzi wa mahakama unaomteua msimamizi wa mirathi. Ombeni nakala iliyothibitishwa na mahakama yenyewe. Fotokopi ya dukani haitoshi.

Tatu, tafsiri. Uamuzi wetu ni wa Kiswahili. Ulizeni kule wanataka Kirundi au Kifaransa.

Nne, Wizara ya Mambo ya Nje huthibitisha mihuri na sahihi, kisha hufuata ubalozi wa nchi hati inakokwenda. Burundi ina ubalozi mdogo Kigoma; ulizeni huko kabla ya kumaliza nauli kwenda Dodoma na Dar es Salaam.

Kinachowakwamisha wengi ni jina. Kadi ya kliniki inasema Anastazia, cheti cha ubatizo Anastasia, kitambulisho kina jina la baba na cheti cha ndoa lile la mume. Kwetu ni mtu mmoja. Kwa karani wa ng'ambo ni wanne. Rekebisheni mkiwa wazima, kwa kiapo mbele ya wakili au kamishna wa viapo.

Na anayewaahidi mhuri wa haraka bila kufika ofisini, mkataeni. Hati ya kughushi humfikisha mjane mahabusu, si kwenye urithi.

Jioni moja wiki hii, keti na baba watoto, toeni vyeti sandukuni, mlinganishe majina. Wengine wataona ni uchuro. Sivyo. Kumwekea mjane njia si kumtakia mume kifo. Ni kuwapenda watoto mtakaowaacha.