Barua ya Wazi kwa Waziri wa Barabara na Uchukuzi: Tunataka Jina la Aliyetugeuzia Ndege

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kwa heshima ya cheo chako, lakini hasira yangu sitaificha. Ninauza vifaa vya simu River Road: chaja, kava, skrini. Mzigo nautoa Dubai. Katika safari ya kurudi mwezi wa Aprili, abiria mmoja mlevi alikataa kuketi, akamrushia mhudumu chupa, kisha akaanza kuupiga mateke mlango wa marubani. Wanaume wanne walimkalia mpaka akafungwa mikono. Ndege ikageuzwa, tukashushwa, tukalala uwanjani tukiegemea mikoba yetu.

Asubuhi ile nilitakiwa kuwa mbele ya wakili mjini Nairobi, nitie sahihi na kumaliza salio la gudwili, yaani malipo ya kuipata stoli. Wanaoijua River Road wanajua kwamba stoli ya ghorofa ya chini, inayoangalia barabara, haingoji mtu. Mwisho ulikuwa saa sita mchana. Nilipompigia keateka wa jengo alinijibu, "Mama, mwenye jengo amesema aliyefika na pesa ndiye mwenye stoli." Laki mbili nilizokuwa nimetanguliza zilienda na maji. Leo aliyeichukua anauza bidhaa zilezile, na wateja wangu ndio wanaosimama pale mlangoni pake.

Kampuni ya ndege ilinijibu kwa barua fupi. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya ni mwanachama wake, kampuni hulipa hasara ya ucheleweshaji isipokuwa ikithibitisha kwamba ilichukua hatua zote za busara kuuzuia. Wao wanasema walizichukua, na kosa ni la abiria. Nikawaambia: basi niambieni ni nani, nimdai yeye. Jibu lao: jina ni siri ya mteja.

Mheshimiwa, hakimu hawezi kumwita shaurini mtu asiye na jina. Nilipofika mahakama ya Milimani kuuliza utaratibu, karani aliniuliza jambo moja tu: mdaiwa ni nani? Alikuwa na haki ya kuuliza, nami sikuwa na la kumjibu.

Nairobi ina sababu ya kulijua jambo hili la fujo za angani. Tarehe 29 Desemba 2000, ndege ya British Airways nambari 2069 ilikuwa ikija hapa kutoka Gatwick. Ikiwa juu ya Sudan, abiria aliingia chumba cha marubani akashika usukani, na ndege ikaporomoka ikiwa na watu karibu 400. Yule alikuwa mgonjwa aliyehitaji daktari, wala simweki kundi moja na mlevi wa ndege yetu. Lakini tangu wakati ule hakuna wizara inayoweza kusema fujo za angani ni habari za nchi za watu. Milango ya marubani iliimarishwa baada ya Septemba 2001. Abiria wanaokaa nyuma ya milango hiyo hawakuongezewa chochote.

Sheria za kimataifa zipo. Mkataba wa Tokyo wa 1963 unampa rubani uwezo wa kumfunga mfanya fujo, kumshusha na kumkabidhi kwa wenye mamlaka, lakini mamlaka ya kumshtaki uliyaegemeza zaidi kwa nchi iliyosajili ndege, na wengi waliotua kwingine walijiendea zao. Itifaki ya Montreal ya 2014, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2020, iliongeza nchi ambako ndege imetua na nchi ya mwenye kuiendesha. Inasema pia kwamba mkataba haumzuii mtu kumdai fidia aliyeshushwa, kwa kufuata sheria ya nchi. Kumdai nani, kama jina limefungiwa kabatini?

Na muda unakwenda. Dhidi ya kampuni nina miaka miwili, kisha dai linakufa. Dhidi ya mlevi, sheria yetu ya ukomo wa mashauri inanipa miaka mitatu. Ripoti ya rubani kuhusu fujo hizo naihitaji kwa madai yote mawili, maana niliona kwa macho yangu mtu huyo akimiminiwa pombe nyingine baada ya kuanza kutukana. Bila ripoti sina ushahidi. Bila jina sina mdaiwa.

Wapo walioumia kuliko mimi. Mwaka 2002, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kwamba msichana aliyepapaswa na jirani yake wa kiti ndani ya ndege ya KLM, hakustahili fidia kwa mkataba wa wakati ule, kwa kuwa jeraha lake lilikuwa la nafsi, si la mwili. Walioandika mikataba hii walimfikiria sana mwenye ndege.

Kampuni isinitajie Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ili kulificha jina hilo. Kifungu cha 35 cha Katiba kinanipa haki ya habari iliyo mikononi mwa mtu mwingine, ikiwa ninaihitaji ili kulinda haki yangu. Nchi hii imezoea kuandika ripoti kwa ajili ya ofisi. Ghorofa ikianguka, basi likipinduka, ripoti inaandikwa, na mwenye msiba anaisikia redioni kama ataisikia. Tumechoka kuwa watu wa mwisho kujua nani alituumiza.

Ninachotaka ni kanuni chini ya Sheria ya Usafiri wa Ndege ya 2013: kila ndege inayokuja Kenya au kuondoka ikigeuzwa kwa sababu ya fujo, abiria aliyepata hasara apewe, kwa maombi ya maandishi, jina la aliyeshushwa na nakala ya taarifa ya rubani, mapema vya kutosha kabla dai halijafa. Kampuni itakayokataa itozwe faini.

Tiketi ninayo, barua ya kampuni ninayo, na makubaliano ya stoli ninayo. Nakala zote ninazipeleka masijala ya wizara yako, Transcom House, Ngong Road, pamoja na barua hii. Naomba zigongwe muhuri wa kupokelewa, na nijibiwe kwa maandishi.

Wako,
Mfanyabiashara wa vifaa vya simu,
River Road, Nairobi