Walikale na Masisi: barabara ikikatwa, nani analipa?

Kwenye ramani, Goma na Walikale-centre si mbali sana: kilomita zipatazo 130 kama ndege anaruka moja kwa moja. Lakini mfanyabiashara wa Walikale hahesabu kilomita. Anahesabu bariere, madaraja na siku za mvua.

Walikale ndiyo wilaya kubwa kuliko zote za Kivu ya Kaskazini. Ina kilomita mraba 23.475 juu ya 59.483 za jimbo zima, sehemu kubwa ikiwa pori. Masisi ni jirani yake wa milimani. Huko juu kunatoka maharagwe, viazi na jibini. Huku chini kunatoka mafuta ya mawese, ndizi na mchele. Kwa hiyo barabara ya Sake, Masisi-centre, Nyabiondo hadi Walikale si ya wasafiri tu. Ndiyo inaunganisha sahani moja.

Mvua ikinyesha, lori linalala kwenye matope. Wamotari wanachukua mzigo kidogo kidogo, na mahali pikipiki inashindwa, ni kichwa na mgongo. Halafu kuna kamba za barabarani. Kila kundi lenye silaha linadai chake, na pengine mkaaji analazimishwa kununua jetoni ya mwezi ndipo aende shambani. Mwenye mzigo halipi kutoka mfukoni mwake: anaongeza kwenye bei. Anayelipa yote ni mama anayenunua kikombe cha chumvi sokoni.

Si kwamba Walikale haijawahi kuwa na ndege. Miaka ya 2000, bei ya bati ilipopanda duniani, ndege ndogo zilitua Kilambo, juu ya kipande cha barabara chenye lami. Magari yalisimama kando, ndege ikashuka na bidhaa, ikaruka na kasiterite kwenda Goma. Baadaye kampuni ya Alphamin ilifungua njia yake kutoka barabara ya taifa namba 3 hadi mgodi wa Bisie. Hapo kuna funzo: jiwe likihitajika, njia inapatikana haraka. Muhogo na mgonjwa vinangoja.

Mwaka 2025 uliongeza uzito. M23 iliingia Masisi-centre tarehe 4 Januari, Goma ikafuata mwishoni mwa mwezi huo, na kiwanja cha ndege cha Goma kikafungwa. Tarehe 19 Machi, Walikale-centre nayo ikachukuliwa; wapiganaji waliondoka mwanzoni mwa Aprili. Mstari wa mapigano ukakata barabara ile ile ya maharagwe na mawese. Walikale ikageukia Kisangani kupitia Lubutu, karibu kilomita 400.

Afya ndiyo inaumia kwanza. Huko Masisi, mbali na vita pia, watu wa hospitali walijua kwamba mama mwenye mimba ya hatari hawezi kungoja uchungu uanze ndipo atafute pikipiki. Kwa hiyo, kwa usaidizi wa MSF, kulikuwa na nyumba karibu na hospitali ambamo kina mama walikuja kungojea siku yao. Hiyo ni akili nzuri, lakini inaomba kitu kimoja: njia ya kufika iwe wazi.

Tarehe 30 Oktoba 2025 huko Paris, rais Emmanuel Macron alitangaza kwamba kiwanja cha Goma kitafunguliwa kwa ndege za msaada. Ni jambo la maana kwa Goma. Lakini gunia likishuka Goma bado halijafika Nyabiondo. Wanaozungumzia amani huko Doha na Washington wanaweza kupimwa kwa kipimo rahisi: je, lori la maharagwe linaweza kutoka Masisi hadi Walikale bila kulipa kamba hata moja? Siku hiyo bei ya chumvi sokoni itasema ukweli kuliko tangazo lolote.