Mateso Hayazai Haki



Tarehe 12 Oktoba 2000, manowari ya Marekani iitwayo USS Cole ilikuwa katika bandari ya Aden, Yemen, ikijaza mafuta. Mabaharia walikuwa wakijipanga kupata chakula cha mchana. Mashua ndogo ikaisogelea, ikiwa na watu wawili waliokwisha kuamua kufa, ikalipuka ubavuni mwake. Mabaharia 17 waliuawa, na makumi wakajeruhiwa.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuwezi kuyasikia hayo kama habari za mbali. Mtandao ule ule wa Al-Qaeda ndio uliolipua balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam tarehe 7 Agosti 1998, ukaua watu zaidi ya 220, wengi wao Wakenya. Basi tunasema wazi: damu hiyo inalia, na aliyeimwaga hana budi kujibu mbele ya sheria.

Je, amejibu? Manowari ilitengenezwa, ikarudi baharini. Wafiwa wameachwa wakingoja. Abd al-Rahim al-Nashiri, anayeshtakiwa kwa kupanga shambulio hilo, alikamatwa mwaka 2002. Badala ya kufikishwa mahakamani, alifichwa katika magereza ya siri ya shirika la ujasusi la Marekani. Humo alimwagiwa maji usoni hadi kukosa pumzi, akatishwa kwa bastola na kekee ya umeme. Mwaka 2006 alipelekwa Guantánamo, na mwaka 2011 akashtakiwa mbele ya tume ya kijeshi. Mwezi Agosti 2023 jaji wa tume hiyo aliyakataa maungamo yake, kwa kuwa yalitokana na mateso. Wako wazazi wa mabaharia wale waliofariki bila kusikia hukumu.

Watakuwapo watakaosema: gaidi hastahili huruma. Tunawajibu: hapa hatuombi huruma, tunadai hukumu. Mwaka 2001, miaka mitatu tu baada ya milipuko ya Nairobi na Dar es Salaam, washtakiwa wanne walihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya wazi huko New York. Lakini Ahmed Ghailani, Mtanzania aliyepitishwa katika magereza yale ya siri, aliposimamishwa kizimbani mwaka 2010 katika mji huo huo, shahidi muhimu alikataliwa, kwa sababu jina lake lilipatikana kwa kumshurutisha mshtakiwa. Alifungwa maisha, ila kwa shtaka moja tu kati ya zaidi ya 280.

Ni nani basi aliyewadhulumu wafiwa? Kwanza muuaji, kisha mtesaji, aliyeuharibu ushahidi kwa mikono yake mwenyewe.

Nasi tujihoji. Mtuhumiwa anapopigwa kituoni hadi akubali, au mwizi anapochomwa moto sokoni, ni wangapi kati yetu hushangilia? Anayepigwa husema lolote ili kipigo kikome, na mhalifu wa kweli hubaki mitaani akitucheka.

Viongozi wa jumuiya, ndugu za mtuhumiwa wakiwajia, msiwafukuze. Ulizeni: Yuko wapi? Nani amemwona? Atafikishwa mahakamani lini? Kuuliza hivyo si kumtetea mhalifu. Ni kumtetea mjane anayeingojea hukumu.