Aneksi yako isifunge bomba la moshi la jirani

Hatuzungumuzie hapa komini Annexe. Tunazungumuzia zile aneksi, vyumba viwili ao vitatu vinavyojengwa nyuma ya nyumba kubwa, mpaka kwenye ukuta wa jirani, ili vipangishwe. Katuba, Kenya, Kampemba, Ruashi: zinaota kama uyoga. Na wenye kupanga ndani ni mara nyingi familia zilizokimbia vita: za Mitwaba, za Kalemie, na tangu mwaka 2025 za Goma na Bukavu.

Kujenga si kosa. Shida ni fasi ya kujenga. Upande wa pili wa ukuta kuna bomba la moshi la mtu anayechoma mikate kwa kuni, ao grupu inayowaka kila mara SNEL inapokata umeme. Moshi ulikuwa unapanda na kwenda zake. Wewe unakuja, unapandisha ukuta mita moja na lile bomba, unafungua dirisha sawasawa mbele yake, kisha unaandika: chumba cha kupangisha. Hapana, baba. Unapangisha moshi.

Moshi wa grupu, wa kuni na wa makala uko na gazi inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Inakamata fasi ya oksijeni ndani ya damu. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu, anatapika, anafikiri ni malaria. Akilala, anaweza asiamuke tena. Mwezi wa 6 na wa 7, wakati baridi inafunga madirisha na mbabula inaingizwa ndani, hatari inaongezeka.

Wenye parseli wanajibu: "Ni kwangu, niko na sertifika." Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni wa Serikali. Sertifika inakupa haki ya kuutumia, si haki ya kuziba pumzi ya watu. Na kipengele cha 258 cha Kodi ya Raia, kitabu cha 3, kinasema mwenye kuumiza mwengine kwa kosa lake anapaswa kulipa.

Wengine: "Jirani aondoe bomba lake." Lilikuwa pale mbele yako. Kama ni fupi, muzungumuze, lipandishwe kupita mapaa yote, na mugawane garama mbele ya kuweka tofali la kwanza.

Wengine tena: "Waliokimbia vita hawana fasi, tunawasaidia." Musaada gani wenye kuomba garanti ya miezi 6? Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inakataza kupita miezi 3 kwa nyumba ya kulala. Familia ikishalipa yote, haina tena makuta ya kuhama, hata watoto wakikohoa usiku muzima.

Muji huu unajua moshi. Shaba ya kwanza iliyeyushwa hapa mwaka 1911, na bomba refu la Gécamines lingali limesimama. Moshi unapaswa kupita juu ya vichwa vya watu, ndiyo maana bomba linakuwa refu. Na hata vile, ule moshi ulishuka juu ya kartie. Sasa sisi wenyewe tunauleta kwenye mto wa kulalia.

Kwenu mama na baba munaotafuta chumba: mbele ya kulipa, mukuje magaribi, wakati grupu zinawaka. Muangalie masizi kwenye ukuta na juu ya dirisha. Muulize bomba la jirani linatokea wapi. Kama nyumba nzima inaumwa kichwa pamoja, na ukitoka inje kinapoa, si malaria: mutoke wote, muende kwa munganga. Kisha mupige picha, mupeleke kwa chefu wa kartie.

Na nyinyi wa urbanisme, mupime mbele ukuta haujapanda. Mwenye kujenga aonyeshe otorizasio, na bomba la jirani lionekane kwenye pulani. Kama halionekani, asijenge.