Butembo: kontena tunaijaza pamoja, mizigo ya mu muji kila mutu peke yake?

Wandugu vijana, wakaaji wote wa Butembo,

Simama asubuhi moja ku njia kuu, karibu na soko, uangalie. Kamyo moja imesimama mbele ya magazini, inashusha mifuko ya sukari. Nyuma yake kuko ingine, inaletea jirani sabuni. Mbele kidogo kuko ya tatu: inaleta sukari ileile, toka depo ileile, kwa duka la pembeni. Wamotari wanapita mu ka nafasi kanakobaki, watoto wa masomo wanashuka mu mutaro, mutu wa chukudu mwenye mbao zake anangoja.

Tunasema kila siku kama barabara ni mubaya. Ni kweli, na hatutaacha kudai zitengenezwe. Lakini kamyo zingine kati ya zile hazikuwa na sababu ya kuwa pale. Ziko pale juu kila mwenye duka anajitafutia muzigo wake peke yake.

Hapo ndipo tunashangaa. Biashara ya Butembo haikujengwa na serikali. Wababa na wamama wa hapa walienda Dubai na Guangzhou, na yule asiyeweza kujaza kontena peke yake aliungana na wengine. Ndiyo ile tunaita groupage: watu kumi, kontena moja, kila mutu na alama yake ku mizigo. Ile kontena inashuka Mombasa, inavuka Kenya na Uganda, inaingia Kasindi, inapanda Beni mpaka hapa. Ni zaidi ya kilometa 1500, na watu wanabaki wanaaminiana. Ikisha fika mu muji, kwa kilometa tatu za mwisho, kila mutu anaita kamyo yake!

Nani analipa? Mwenye kamyo anahesabu mafuta, dereva na saa anazopoteza akingojea njia ifunguke. Mwenye duka anaongeza ile yote ku bei. Mwishoni ni mama mwenye kununua sabuni mbili ku kartie ndiye analipa. Na yule mama mwenye ka butiki kadogo, asiye na kamyo wala uwezo wa kukodi, anachukua kwa mutu wa pili ao wa tatu, bei imekwisha panda.

Na jambo hili litakuwa nguvu zaidi. Mwaka 2021 maraisi wa Congo na Uganda walizindua kazi ya lami: Kasindi mpaka Beni kilometa 80, Beni mpaka Butembo kilometa 54. Tunaitaka ile lami. Lakini njia nzuri italeta kamyo nyingi zaidi, na muji wetu utabaki na njia zilezile.

Kwa hiyo tunapendekeza kitu kidogo. Maduka ya avenue moja, kumi ao kumi na tano, yaungane. Wachague siku mbili za juma kwa kuleta mizigo. Yule wa sukari, yule wa mchele na yule wa sabuni waweke komande pamoja, kamyo moja ijae toka depo. Mizigo ishushwe mahali pamoja, pembeni ya njia kuu, na toka pale chukudu, tricycle na wamotari wapeleke mpaka ku mulango wa kila duka. Mutu mumoja wa kuaminika anashika kaye: nini imeingia, nini imetoka, nani amepokea. Kila mutu analipa kufuatana na uzito wa muzigo wake. Mwenye anajua likelemba ao AVEC anajua tayari namna ya kufanya hii kazi.

Tunajua woga wa wafanya biashara, juu wametuambia. Wa kwanza: «Jirani ataona nauza nini na kwa nani.» Ni woga wa haki. Basi mizigo ifungwe na iandikwe alama, bila jina wala bei, sawa vile mnafanya mu kontena. Wa pili: muzigo ukipotea? Muandike kanuni mbele ya kuanza, na muweke sanduku moja la kulipa kinachopotea. Wa tatu ni wa watu wa chukudu na wapakuaji: je, kazi yetu itaisha? Hapana, haipashwe kuisha. Kamyo ikipunguka mu muji, kilometa ya mwisho inakuwa yao. Lakini tunataka bei ya safari iandikwe na ionekane, ili mutu asibebeshwe kilo mia kwa bei ya makumi tano.

Jambo hili haliko ndoto. Kule Fukuoka, Japani, kampuni za usafirishaji zilianza mwaka 1978 kuunganisha mizigo ya maduka ya Tenjin, katikati ya muji. Kule Bristol, Uingereza, mwaka 2004 maduka ya Broadmead yalianza kupokelea mizigo ku depo moja inje ya muji, na safari za kamyo kwa maduka yale zikapunguka zaidi ya nusu. Lakini tujifunze na upande wa pili: depo nyingi za namna hii kule Ulaya ziliishi na pesa ya serikali, na ile pesa ilipokwisha, zikafunga. Sisi hapa tusingoje bayeur ao ONG. Kama faida haionekani mu kaye ya wafanya biashara wenyewe, haitadumu.

Kwa hiyo tunaomba:

1. Wafanya biashara na FEC: muchague avenue moja tu, mujaribu miezi mitatu, muonyeshe hesabu mbele ya watu wote. Na butiki za wamama zikubaliwe toka siku ya kwanza.

2. Ofisi ya meya: itoe kiwanja pembeni ya njia kuu kwa kushusha mizigo, na isiweke taksi mpya juu yake. Taksi moja tu itaua jambo hili mbele halijatembea. Tena ikataze kamyo kushusha ku njia kuu saa watoto wanaenda masomo na saa wanarudi.

3. Polisi wa barabarani: ile kanuni isigeuke shamba la kuvuna makuta. Mwenye kosa apewe karatasi na alipe ku benki.

4. Sisi vijana: juma hii, kila mutu achukue kaye, ahesabu kamyo zinazosimama ku avenue yake toka saa mbili mpaka saa sita. Aandike ngapi zilikuja nusu tupu, na ngapi zilileta kitu kilekile. Tutakusanya hizo hesabu, tutazipeleka kwa FEC na kwa meya na mikono yetu, na tutangoja jibu palepale.

Muji huu ulijengwa na watu wenye kujua kuungana. Salongo tunafanya pamoja, matanga tunabeba pamoja. Mizigo nayo tuibebe pamoja.

Avenue ya kwanza itakuwa gani? Tungependa iwe ya kwako.