SIWAKI MFUKONI, MENO YA MTOTO YAMEOZA



Ukitoka msikitini siku ya Ijumaa utakuta mafungu ya siwaki yamepangwa mezani pamoja na udi, tasbihi na kofia. Wanunuzi hawakosekani, alhamdulillah. Lakini kaa katika chumba cha tabibu Jumatatu asubuhi, utawaona watoto wa Waislamu hao hao, wa miaka mitano na sita. Shavu limevimba, meno ya mbele yamebaki visiki vyeusi, na mama anaeleza kuwa nyumba nzima haikulala. Nimesoma madrasa kabla ya kusomea utabibu, na kwa elimu zote mbili nasema: sunna hii tumeichukua nusu. Baba ana siwaki mfukoni, mtoto hana anayemsafisha meno.

Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim tunafundishwa kuwa Mtume (s.a.w.) angeuamrisha umma wake kupiga siwaki kwa kila swala, lau si kuchelea kuutia mashaka. Jambo lenye uzito huo haliwezi kuwa la kunukisha kinywa cha mtu mzima peke yake. Hata neno letu "mswaki" limetoka huko huko.

Jino huozaje?

Wengi husema ni mdudu. Mdudu wa kutambaa hayupo. Kuna vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyoishi katika ukoga unaoganda juu ya jino. Mtoto akila sukari, vijidudu hivyo navyo hula, kisha hutoa tindikali inayoyeyusha jino kidogo kidogo. Mate huisafisha tindikali hiyo, lakini huhitaji muda, nusu saa au zaidi. Kwa hiyo pamoja na wingi wa sukari, tazama ni mara ngapi kwa siku mtoto anaila.

Sasa mfuatilie mwanao. Asubuhi chai ya sukari na maandazi. Shuleni pipi. Njiani kwenda madrasa ubuyu wa rangi, na akitoka barafu ya mfuko. Usiku analala na chupa ya uji mtamu mdomoni. Mate yatafanya kazi saa ngapi? Na usiku mate hupungua, ndiyo maana chupa ile ya kulalia huharibu meno kuliko vyote.

"Yatang'oka tu"

Hii ndiyo kauli inayoniudhi. Jino la utotoni hushika nafasi ya jino la kudumu, na usaha wake unaweza kuliharibu linaloota chini yake. Kisha kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalijui: kwenye umri wa miaka sita hivi, nyuma kabisa ya meno ya utotoni, huota gego la kudumu. Halisubiri jino ling'oke, hivyo mzazi hudhani nalo ni la utotoni na huliacha lioze. Likishang'olewa, hakuna jingine litakaloota mahali pake mpaka mtu aingie kaburini.

Karafuu hutuliza maumivu kwa muda, haizibi tundu. Jino likiwahiwa huzibwa. Likichelewa ni koleo.

Siwaki na dawa ya meno

Wapo wanaouliza kipi bora. Mimi sioni ugomvi. Siwaki ikitafunwa ncha mpaka ilainike, ikapitishwa kila jino kutoka kwenye fizi kwenda nchani, huondoa ukoga. Ncha ikichakaa ikatwe. Lakini kufikia magego ya nyuma na upande wa ndani ni kazi, hasa kwa mtoto. Dawa ya meno yenye floridi hulipa jino nguvu ya kupambana na tindikali. Basi tumia vyote. Mtoto wa chini ya miaka mitatu atiwe dawa kiasi cha punje ya mchele. Kuanzia mitatu hadi sita, kiasi cha punje ya njegere. Ateme, asimeze. Asugue asubuhi na baada ya Isha akishamaliza kula, na mkubwa amsimamie mpaka afikie miaka saba au minane.

Jino lililoanguka

Watoto hukimbizana katika ua wa madrasa, huanguka, jino likatoka zima. Tunafanya nini? Tunalitupa juu ya paa! Kama ni la utotoni, usilirudishe. Kama ni la kudumu, linaweza kuokolewa. Lishike kwa kichwa chake, usiguse mzizi. Likiwa na mchanga lisuuze kwa maji safi kwa muda mfupi bila kulisugua. Lirudishe katika tundu lake na mtoto aling'ate kwa kitambaa safi. Ukishindwa, litie katika maziwa freshi, si mtindi, mkimbilie kwa daktari wa meno. Saa moja ya kwanza ndiyo yenye matumaini. Akipoteza fahamu au akitapika, habari ya kichwa itangulie jino.

Na vijana wanaofungua soda kwa meno, waache. Jino likimeguka halioti tena.

Lipo jeraha baya zaidi, nalo tunalifanya kwa mikono yetu. Tangu miaka ya 1980 imeenea Tanzania imani ya "meno ya plastiki". Mtoto mchanga akiharisha au akipata homa, hupelekwa kwa mtu akachimbuliwa ufizi. Ndugu zangu, kinachotolewa pale ni chonge changa. Watoto wamevuja damu, wamepata pepopunda, wengine wamekufa, huku ugonjwa wenyewe haukutibiwa. Anayeharisha anahitaji maji ya chumvichumvi na vidonge vya zinki. Mwenye homa apimwe malaria. Kumkata mtoto bila ujuzi ni dhulma, hata mkataji akisoma Bismillah.

Ombi langu ni kwa masheikh, maustadhi na kamati za misikiti. Darasa la udhu tunalo, watoto wanalijua kwa moyo. Siku moja kwa wiki wafundishwe humo humo kusafisha meno, kila mmoja na siwaki au mswaki wake, bila kuazimana. Mwenye kuuza pipi mlangoni aombwe auze karanga na matunda. Na angalau mara moja kwa mwaka aalikwe daktari wa meno awakague wanafunzi, kabla maumivu hayajawaleta kwetu usiku.

Mwili ni amana, na meno ya mtoto ni amana mikononi mwa mzazi. Usiku huu baada ya Isha, mwambie mwanao afumbue kinywa, uangalie.

Wabillahi tawfiq.