Amplifaya ya gitaa: valvu au transista? Kwa bendi nyingi za hapa, mimi nasema transista

Leo tuache kidogo mambo ya programu na hifadhidata. Binamu yangu anayepiga gitaa la solo katika bendi ya watu watano huko Kisumu amenipigia simu mara tatu wiki hii, na kila mara swali ni lile lile. Bendi yao imechanga shilingi 120,000 kwa zaidi ya mwaka mmoja, kidogo kidogo, kutoka pesa za harusi na za matanga. Sasa amepata mtu anayeuza amplifaya kuukuu ya valvu, ya Kiingereza, wati 100. "Hiyo ndiyo sauti yenyewe, kaka," ananiambia. Anataka nimwambie anunue. Nimemwambia asinunue, na kwa kuwa najua si yeye peke yake mwenye swali hili, afadhali niandike sababu zangu zote mahali pamoja.

Kwanza tuelewane valvu ni nini. Kama babu yako alikuwa na redio kubwa ya mbao iliyosubiri ipate moto ndipo iongee, basi umeishi karibu nayo. Ni chupa ndogo ya kioo iliyoondolewa hewa, na ndani yake kuna waya unaowaka mwekundu. Joto hilo linaifanya kathodi itoe elektroni, elektroni zinakimbilia anodi yenye mamia ya volti, na katikati kuna gridi, wavu mdogo unaozizuia au kuziruhusu. Umeme hafifu wa gitaa ukiingia kwenye gridi, mkondo mkubwa upande wa pili unacheza kwa mfano huo huo. Mmarekani Lee de Forest ndiye aliyeiweka gridi hiyo mwaka 1906. Transista ilizaliwa Bell Labs mwaka 1947, nayo inafanya kazi ile ile ndani ya kipande kigumu, bila kioo na bila moto.

Redio zikahama. Televisheni zikahama. Kompyuta nazo zikahama (ENIAC ya mwaka 1945 ilikuwa na valvu karibu 18,000, na simu iliyo mfukoni mwako ingeiona kama mtoto wa chekechea). Gitaa ndilo lililokataa kuhama, na sababu iko kwenye kosa la valvu.

Amplifaya yoyote ina kikomo. Ukiidai nguvu kuliko iliyo nayo, vilele vya wimbi la sauti vinakatwa. Amplifaya ya kawaida ya transista inakata kama panga kwenye muwa: hapa wimbi zima, hapa halipo. Ya valvu inaanza kulegea kabla ya kufika mwisho, kilele kinaviringika, na kadri unavyozidi kupiga ndivyo kinavyozidi kubonyea. Umeme wake wa ndani nao unashuka kidogo ukigonga nyuzi kwa nguvu halafu unapanda tena, kwa hiyo noti inabanwa mwanzoni kisha inachanua. Mpigaji analihisi hilo kwenye vidole. Kwa wenzangu wanaoandika programu: transista ni kusema "x ikizidi 1, rudisha 1", na valvu ni kumpitisha x kwenye mkunjo laini, tuseme tanh. Mambo yana utata zaidi ya hapo, lakini ukiwa na hilo kichwani hupotei.

Wapiga blues na rock wa Marekani na Uingereza walifungulia sauti hadi mwisho miaka ya 1950 na 1960, na kosa hilo likageuka kuwa sauti ya chombo chenyewe. Marshall ya kwanza, JTM45 iliyotengenezwa London mwaka 1962, ilifuata karibu kila kitu cha Fender Bassman ya Marekani, na mkwaruzo wake ndio uliojenga jina la kampuni. Kisha mwaka 1966 Fender wakatoa amplifaya zao za kwanza za transista. Zilikuwa zinaharibika ovyo na sauti yake haikupendwa. Nadhani hapo ndipo transista ilipopata jina baya, na jina hilo bado linatembea leo midomoni mwa watu ambao hawajawahi hata kuziona amplifaya zile.

Kuna jambo la pili ambalo wauzaji hawalitaji, nalo ni uhusiano na spika. Spika haina ukinzani mmoja. Imeandikwa omu 8, lakini kwenye besi fulani inapanda juu sana, na kwenye sauti nyembamba inapanda tena. Amplifaya ya transista kwa kawaida haijali; inaishikilia spika kwa nguvu na kutoa volti zile zile. Ya valvu inaiachia spika ijitanue, kwa hiyo besi na sauti nyembamba zinaongezeka zenyewe. Mtu akikwambia valvu ina "uhai", sehemu kubwa ya uhai huo ni hapa. Na hili halihitaji kioo wala moto: fundi wa transista akiupima mkondo unaopita kwenye spika na kuurudisha ndani ya sakiti, anapata tabia iyo hiyo.

Halafu kuna hadithi ya wati. Utasikia kwamba wati za valvu ni kubwa kuliko wati za transista. Jamani, wati ni wati. Ukweli uliojificha humo ni kwamba ya valvu ikivuka kikomo bado inasikika vizuri, kwa hiyo unaendelea kuisukuma, na ya transista inakulazimisha usimame mapema. Tena wati zenyewe zinadanganya masikio. Kutoka wati 15 hadi wati 100 ni tofauti ya desibeli 8 tu, na sikio linahitaji takriban desibeli 10 ili liseme "hii ni mara mbili". Spika nayo inaweza kukupa zaidi ya hapo bure: spika mbili zikitofautiana desibeli 3 kwa usikivu, ile bora ni kama umezidisha wati mara mbili. Nimeona watu wanabishana kuhusu valvu mchana kutwa, na hakuna hata mmoja anayeuliza spika iliyomo ndani ni ipi.

Sasa twende kwenye muziki wenyewe, maana hapa ndipo mimi na binamu yangu tunapoachana.

Benga ni gitaa linalojaribu kuongea kama nyatiti. Noti nyembamba, za haraka, kila moja imesimama peke yake, na besi inajibu. Msikilize D.O. Misiani na Shirati Jazz. Ukivuka mpaka na kwenda Kongo ni hivyo hivyo: Docteur Nico, Franco, na hao waliokuja baadaye na sebene ndefu. Magitaa mawili au matatu yanafumana kama ukili, na unaweza kufuata kila uzi mpaka mwisho wake. Weka mkwaruzo humo na ukili wote unakuwa uji. Noti mbili zikipita pamoja kwenye amplifaya iliyovuka kikomo, zinazaa noti nyingine ambazo hakuna aliyezipiga. Mpiga rock anazitaka hizo. Mpiga benga zinamharibia kazi.

Kwa hiyo binamu yangu anataka kununua mashine ambayo sifa yake yote inaanza pale ambapo muziki wake unaishia. Tena ni ya wati 100. Ili valvu zake kubwa zianze kulegea ni lazima aifungulie hadi wageni wa harusi waondoke. Zipo mashine zinazokwaruza hatua ya mwanzo hata kwa sauti ndogo, lakini pedali ndogo inafanya kazi ya namna hiyo kwa bei ya chini mno.

Najua mtu atanijibu kwa Fender Twin Reverb, iliyotoka mwaka 1963: valvu, wati 85, na sauti safi ya kupendeza kabisa. Ni kweli, ni chombo kizuri, nami nikipewa sikatai. Lakini angalia jinsi usafi huo ulivyopatikana. Ni kwa nguvu nyingi, transfoma nzito na karibu kilo 30 za kubeba ngazini, ili kikomo kiwe mbali na usikifikie. Transista inakuweka mbali na kikomo bila jasho. Roland JC-120 ilitoka mwaka 1975, transista tupu, na hadi leo ni kipimo cha sauti safi duniani. Hata James Hetfield wa Metallica, ambaye huwezi kumwita mtu mpole, ameitumia kwa sehemu safi za nyimbo zao. B.B. King alipiga kwa miaka mingi na Lab Series L5, ya transista. Dimebag Darrell wa Pantera alijenga mkwaruzo wake mkali juu ya Randall za transista. Hao hawakuwa maskini wa kukosa valvu.

Tuje kwenye stima, ambayo vitabu vya Ulaya haviitaji kwa sababu kwao haisumbui. Waya wa kupasha moto valvu unataka volti 6.3, na kwa kawaida unavumilia kupungua au kuzidi kwa asilimia 10. Umeme wetu ni volti 240 kwenye karatasi. Ukishuka hadi 200, jambo ambalo kwenye jenereta ya harusini si ajabu hata kidogo, waya ule unapata volti 5.25. Hapo umetoka nje ya kiwango na kathodi haitoi elektroni inavyopaswa. Umeme ukiruka juu, valvu inaungua haraka. Kwenye amplifaya ya transista, sehemu ya mwanzo inayobeba sauti huwa na kidhibiti chake ndani, na mtikisiko huo wala hausikiki.

Hesabu nyingine: valvu ya EL34 inakula karibu wati 9.5 kwa kupashwa moto tu. Mashine ya wati 100 inazo nne, na ndogo za mwanzo kadhaa za karibu wati 2 kila moja. Hivyo wati zaidi ya 40 zinakuwa joto kabla hujagusa uzi. Kama bendi inalipia petroli ya jenereta, hiyo ni pesa. Na ukiletewa mashine ya Marekani ya volti 120, utanunua pia transfoma ya kushusha umeme, na transfoma ya ndani iliyotengenezwa kwa hezi 60 tupu itapata joto zaidi kwenye hezi 50 zetu.

Valvu kubwa zinachakaa kama matairi. Nchi zinazozitengeneza kwa wingi ni chache: Slovakia, Urusi na China. Machi 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, Urusi ilizuia bidhaa kadhaa kutoka nje ya nchi, na wanamuziki wa Marekani wakajikuta wananunua valvu kwa wasiwasi mpaka usafirishaji ulipoanza tena. Kama wao walihangaika, fikiria wewe uliye Kisumu na onyesho Jumamosi.

Lakini haki itendeke. Amplifaya ya zamani ya valvu inarekebishika. Vipande vyake ni vikubwa, vinaonekana, na fundi anayejua kulehemu na kusoma mchoro anaweza kuifufua baada ya miaka 60. Amplifaya nyingi za transista za siku hizi zina vipande vidogo kama punje za mtama vilivyobandikwa na mashine, na chipu ikifa baada ya kiwanda kuacha kuitengeneza, unatupa bodi nzima. Hili linaniuma, na ndiyo maana nampeleka binamu kwenye transista ya muundo wa zamani, yenye transista kubwa zilizofungwa kwa skrubu kwenye bati la kupoza joto. Hizo mafundi wa Luthuli Avenue wanazifungua wakiwa wanapiga stori. Valvu hawataki wengi wao kuigusa, na wana sababu: kapasita zake zinaweza kubaki na mamia ya volti hata baada ya kuchomoa waya ukutani, na zinaua.

Nani basi anunue valvu? Wewe unayepiga blues au rock, unayetaka mkono wako ndio uamue kama sauti iwe safi au ikwaruze. Nunua ndogo, wati 5 hadi 15, yenye spika moja nzuri ya inchi 12. Weka kidhibiti volti na seti ya akiba ya valvu. Hapo pesa yako ina maana. Na kama unarekodi nyumbani tu, usinunue yoyote kati ya hizo mbili: Neural Amp Modeler ni programu huria na ya bure inayojifunza tabia ya amplifaya halisi kutokana na sauti yake iliyorekodiwa, na kompyuta ya kawaida inatosha. Hiyo nitaiandikia siku yake, maana ina mambo mengi.

Binamu nimemwambia hivi. Kati ya zile 120,000, atafute transista kuukuu yenye spika mbili za inchi 12. Aende na gitaa lake mwenyewe. Aiwashe bila kupiga chochote, asikilize mvumo kwa dakika tano. Apige sebene nzima kwa sauti ya jukwaani, si ya dukani, na aguse bati la nyuma baada ya nusu saa kuona limepata moto kiasi gani. Pesa itakayobaki wanunue kidhibiti volti, na stendi ya chuma ya kuinua amplifaya kutoka sakafuni na kuielekeza kichwani kwake. Spika ya inchi 12 hurusha sauti nyembamba mbele yake kama tochi, na yeye miaka yote amekuwa akiisikiliza kwa magoti.